Uji wa Mgonjwa

Vipuri vya matrekta ya kale havitengenezwi tena wala haviuzwi. Hurithiwa tu, mwenyewe akishafariki. Hapa Karatu yamebaki mawili: la mume wangu Baran na la rafiki yake Tluway, na kila mmoja amemwandika mwenzake kuwa mrithi.

Mvua za kwanza ziliponyesha, pampu ya dizeli ya trekta letu ikafa. Wiki hiyohiyo Tluway akashikwa na homa ya mapafu, hainuki kitandani. Tangu hapo nampelekea uji wa mtama kila asubuhi, kama desturi yetu ya kumwona mgonjwa. Nikirudi, Baran hanisalimu. Anauliza tu, "Amekunywa?"

Jana nikamjibu, "Amemaliza kikombe. Ameketi nje anaota jua."

"Mungu mkubwa," akasema Baran, kisha akageukia ukutani akalia. Nami, Mungu anisamehe, nililia naye. Kilio kikamletea kikohozi, akakohoa mpaka majirani wakasikia.

Leo asubuhi nimesikia hodi. Ni Paskalina, mke wa Tluway, amebeba chupa ya uji.

"Nimesikia shemeji anakohoa," alisema, lakini macho yake yalikuwa kwenye giaboksi ya trekta letu.