Bunduki ya Kufukuzia Kasuku

Bunduki ya tatu ilipolia, Zafarullah alitikisa kichwa bila kufumbua macho.

"Haji," alisema Dastgir, mwenye duka, "nimeona wateja wengi wakifumba jicho moja. Wewe unafumba yote mawili. Huyo kasuku utampiga au utamwota?"

Zafarullah hakucheka. Walikuwa uani nyuma ya duka, mbele yao gunia la mchanga lililotobolewa na majaribio ya wateja wa miaka mingi.

"Lete nyingine."

Dastgir aliijua kazi yake. Alikwisha kumwuliza yote ya kuulizwa. Ni panya au ndege? Kasuku. Wako wapi? Kwenye mapera, shambani Sharaqpur. Umbali gani? Hatua thelathini hivi. Basi akamletea bunduki ya upepo ya Kituruki, yenye darubini, iliyopiga kwa sauti ndogo kama mtu anayetema kokwa.

"Hii ndiyo dawa yao. Mmoja akianguka, mwenzake tawini hajui kimetokea nini."

"Ni kimya mno."

"Ndiyo sifa yake hiyo!"

"Kimya ninacho cha kutosha nyumbani, bwana."

Dastgir alimtazama kidogo, akaingia ndani, akarudi na kitu alichokionea haya: bunduki kuukuu, kitako kimefungwa waya, springi imechoka. Alikunja mtutu, akatia risasi, akafyatua. Ilipiga twaa! kama sinia lililoangushwa sakafuni, na springi ikaendelea kulialia ndani kwa ndani.

Zafarullah alifumbua macho. Yalikuwa yamelowa.

"Hii."

"Haji, usinitie aibuni. Kasuku akiisikia hii atadhani umepiga chafya, akuombee rehema. Haiui kitu!"

"Nifungie kwenye gazeti."

Nyumbani, Rukhsana dada yake alimpokea langoni, macho yamemvimba.

"Mama amekula?" aliuliza Zafarullah.

"Leo siku ya nne, kaka. Hata maji anameza kwa kubembelezwa. Anasema hatatia kitu mdomoni mpaka Billu arudi kutoka shambani."

Zafarullah aliinamisha kichwa. Nyumba nzima ilikuwa ikimngoja Billu. Kila adhuhuri mkate wake uliwekwa kando, ukafunikwa kitambaa, ukakauka. Shati lake, shati la kijana wa miaka kumi na sita, lilining'inia msumarini, na Bebe, mama yao, alilipangusa vumbi huku akilisemesha kwa sauti ya chini, akinyamaza hapa na pale kama anayejibiwa. Watoto wa Rukhsana waliogopa kupita chumba kile.

Bebe alikuwa amesahau mengi. Alisahau misimu, majirani, majina ya wajukuu. Zafarullah mwenyewe leo alimdhania daktari, kesho mnunuzi wa mapera aliyekuja kumpunja. Ni Billu tu ambaye Bebe hakumsahau. Kuna siku Zafarullah alimwonea wivu Billu, na kuna siku alimchukia.

"Labda tumwambie tena ukweli," alisema Rukhsana.

"Umesahau mara ile? Alilia hadi magharibi, na kesho yake akauliza upya."

Rukhsana aliona kilichokuwa kwenye gazeti. Aliziba midomo kwa ukingo wa shela yake, akarudi ndani kwa mgonjwa.

Bunduki ya Billu iliuzwa mwaka uleule alioondoka, na tangu hapo hakuna aliyefyatua kitu katika mapera yale. Enzi zake, Bebe aliutambua mlio wake akiwa jikoni. Ikinyamaza baada ya mapigo matatu, alitia chai motoni, maana alijua mwanawe yuko njiani.

Zafarullah alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama katikati ya miti. Kasuku walikuwa wamejaa, wakimega pera hili na kulitupa, wakimega lile. Risasi ya kwanza ilimponyoka majanini. Alitia nyingine, akaelekeza mtutu juu, mbali na kila kitu chenye uhai, akafyatua.

Twaa!

Kundi zima liliruka, anga ikawa kijani. Alipiga ya pili. Alipiga ya tatu. Kisha akashusha bunduki, akasikiliza.

Ndipo Rukhsana alipopiga ukelele.

Zafarullah alikimbia akihofia msiba. Alipofika uani alimkuta Bebe amesimama peke yake, miguu mitupu, mwanamke ambaye tangu Ramadhani hakuinuka kitandani ila kwa kushikwa. Rukhsana alikuwa nyuma yake, mikono tayari kumdaka.

Bebe alimsogelea Zafarullah. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akapapasa ndevu zake nyeupe, akakunja uso kama asomaye maandishi madogo.

"Billu," alisema, "mbona umezeeka hivi huko shambani?"

Zafarullah aliifunika mikono ya mama yake kwa yake. Ilikuwa imetimia miaka minne tangu mama yake alipomwita mara ya mwisho kwa jina lake hilo la utotoni.