Vibakuli Viwili vya Mchuzi

Mkwewe, mke wa mwanawe, alipotoka tu kwenda kumwita mumewe, mama aliinuka, akabadilisha vibakuli viwili vya mchuzi pale mezani, akarudi kukaa.

Kwa macho vilikuwa pacha: mchuzi wa soya, mweusi mweusi, umefunikwa kwa visosi. Kimoja kilitiwa sukari. Hicho kilikuwa cha mama, maana mchuzi usio na utamu aliukataa kabisa. Kingine hakikuwa na sukari hata chembe. Hicho kilikuwa cha mwanawe, mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni kisichotaka kupona.

Mkwewe alikuwa mpishi katika mgahawa wa Wachina, na mapishi ya mayai ya kuchovya kwenye mchuzi huo aliyaleta yeye nyumbani. Aliyapiga pamoja na kabichi, kitunguu na karoti, akayakaanga kwa mafuta kiduchu. Muuguzi alimwambia mayai hayana neno, mboga ndiyo kabisa, wali mgonjwa awe anaonja tu. Adui ni sukari ya kwenye mchuzi. Basi akakaza uzi. Yeye mwenyewe mchuzi hakuugusa, kutwa alishinda nao kazini.

Lakini mama aliona suruali ya mwanawe inamvuka kiunoni, akasema moyoni mtoto wake anakufa njaa huku watu wanamtazama. Utamu kidogo ungemrudishia nguvu.

Jioni ile ya kwanza hakuwa na uso wa kuonja chochote kilichokuwa mbele yake kwa hila. Alikula yai kavu. Mkwewe alipoondoa vyombo aliuliza kama mchuzi haukumpendeza. Mama akajibu ameshiba. Mkwewe akakirudisha kibakuli jikoni kikiwa kimejaa, akilamba tone lililomwagikia kidoleni.

Jioni zilizofuata ikawa hivyo hivyo: anabadilisha vibakuli, anakula yai kavu.

Asubuhi ya kliniki ndipo mwanawe alipomwambia jambo walilokuwa wakimficha asije akapandwa na presha. Leo daktari anaamua kama mguu utakatwa.

Kutwa hiyo alipiga magoti kuomba, akainuka, akapiga tena. Atamwombaje Mungu amponye mtu ambaye yeye mwenyewe anamlisha sumu kila jioni?

Magharibi mwanawe aliingia anacheka. Sukari imeshuka, kidonda kinafumba, mguu hauguswi.

"Mama, usinikodolee macho hivyo," alimtania. "Mimi si mzimu, ni yuleyule wako."

Akaenda kuoga, anaimba.

Mama hakucheka. Meza ilikuwa imeshaandaliwa. Alimfuata mkwewe jikoni, akashika fremu ya mlango, akamwaga yote tangu mwanzo. Alisema mguu ule umepona kwa rehema za Mungu tu, maana yeye alifanya kila la kuuangamiza. Alisema hata akiambiwa afungashe leo, atafungasha bila kinyongo.

Mkwewe alikuwa anageuza yai kikaangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, uso haukubadilika.

"Kwa hiyo leo hujavigusa vile vibakuli, mama?"

"Sijavigusa, mwanangu. Wala sitavigusa tena."

Mkwewe akazima jiko, akafuta mikono, akatoka upesi hadi mezani, akavibadilisha.