Kovu la Bartolomayo

Nesi alitufuata nyumbani kwetu Mkonze. Mwanangu Bartolomayo aliumia uti wa mgongo, hana hisia kuanzia kiunoni kushuka chini, na kidonda cha makalio kilimlaza muda mrefu. Asubuhi hii ndiyo kwanza amekalia kiti cha magurudumu. Kidonda kimefunga, lakini kovu likiwa na joto baada ya kukaa, atalazwa tena wiki nyingi.

Tukampandisha kitandani, tukamgeuza ubavu.

“Gusa wewe, mama,” nesi akaniambia.

Nikaweka nyuma ya kiganja, kama ninayepima uji wa mtoto. Kovu lilikuwa laini, la baridi.

“Mama, vipi huko? Unasali?” Bartolomayo akauliza.

“Nimeshasali! Pamepoa, mwanangu! Pamepoa!”

Nesi akacheka. “Basi kesho kanisani.”

“Kesho?” Bartolomayo alishakivuta kiti kwa mkono. “Kwaya yetu si wanafanya mazoezi saa hizi?”