Mafuta ya Kuchulia

Bi Mgeni alirudi na dawa za presha za mumewe, na onyo la daktari likimchoma kifuani: "Dawa hizi zikivimbisha, huvimbisha miguu yote miwili. Kama ni mmoja tu, huenda damu imeganda. Mlete leo hii, wala msiuchue, bonge lisije likapanda mapafuni."

Ukumbini Mbarouk alikuwa kajinyoosha mkekani, mguu wake wa kushoto umeumuka kama unga wa maandazi. Raya, mke mdogo, alikuwa kaupakata anauchua.

"Mikono hii ndiyo dawa," Mbarouk alisema huku akicheka. "Ya Bi Mkubwa ni ukoko mtupu."

Raya naye akacheka. "Daktari kasemaje, dada?"

Bi Mgeni aliutazama mguu wa kulia. Ulikuwa mkavu, mwembamba kama siku zote.

"Kasema ni hizi dawa tu. Zinavimbisha."

Akaenda jikoni, akapasha mafuta ya nazi moto, akarudi kuyamimina mwenyewe kwenye viganja vya mke mwenzake.

"Kandamiza kwa nguvu, mwenzangu," alisema kwa upole. "Halafu panda juu."

Mbarouk akafumba macho kwa raha, na vidole gumba vya Raya vikaanza kupanda.