Maji Miguuni pa Quinter

Pikipiki ilisimamishwa karibu na kizuizi, upande wa Uganda, na Quinter akakataa kushuka.

"Shuka, mama. Hapa ni kukagua," alisema Ojangole, askari wa mpakani.

"Nikishuka sitaweza kupanda tena. Kagua nikiwa hapa hapa."

Jua la mchana lilikuwa linaichoma Busia yote bila huruma, lakini Quinter alikuwa anatetemeka. Alikuwa amekumbatia tumbo kwa mikono miwili, leso mbili zimefungwa kulizunguka, meno yakigongana. Mike, mwenye pikipiki, alikuwa amempakia upande wa Kenya, na tangu hapo alikuwa anamwomba Mungu kimoyomoyo mtoto asitokee juu ya kiti chake. Kiti chenyewe kilikuwa kipya.

"Wewe nakwenda wapi?"

"Kituo cha afya, hapo barabara ya Tororo. Nesi Amuge ananingoja. Amenipigia simu mpaka amechoka."

"Kwa nini hapana zaa kwenu? Kenya iko hospitali mingi."

"Kwani afande, utanichagulia na mkunga?"

Watu wakacheka. Ojangole hakupenda kuchekwa. Aliuchukua mkoba wa Quinter akaumwaga mezani: pamba, glavu, wembe mpya, karatasi ya plastiki ya kutandika kitandani. Kila mwanamke wa sehemu hizi anavijua vitu hivyo, maana usipokwenda navyo unaweza kuzalia kwenye godoro tupu. Chini kabisa kulikuwa na vidonge vya maumivu.

"Hii ni dawa. Dawa bila karatasi hapana pita."

Akaviweka juani, pamoja na mafuta ya kupikia na sabuni alizokamata tangu asubuhi.

"Chukua," alisema Quinter. "Nirudishie glavu zangu."

Mambo yangeishia hapo. Lakini kuna askari ambaye akishaonja kukagua hashibi. Macho ya Ojangole yalitoka mezani, yakapanda mpaka kwenye zile leso.

"Na huko ndani..."

"Huko ndani nini? Maliza."

"Mimi nafanya kazi, mama."

"Hata mwaka jana mlikuwa mnafanya kazi. Dada yangu alitoka damu pale kituoni mpaka akaisha. Mimi nilikuwa nimesimama hapa unaponiona, naulizwa karatasi. Nilipofika walikuwa wameshamfunika shuka. Mtoto wake anatembea sasa, na mimi ndiye anayemwita mama."

Quinter hakuwa analia. Alikuwa na hasira, hasira iliyokaa mwaka mzima bila kupoa, na wala hakujaribu kuificha.

"Leo singoji. Ukitaka kufungua leso, fungua mbele ya hawa wote. Lakini mzazi akifa leo kwa sababu yako, utakwenda mwenyewe kuwaambia watu wake."

Wanawake wa sokoni wakaacha biashara zao, wakasogea. Mbele yao alikuwa Felistus, muuza nyanya, ambaye hujua habari za kila mtu pande zote mbili za mpaka. Felistus alimtazama Quinter usoni, akalitazama tumbo. Kisha akapaza sauti kuliko wote.

"Wewe kijana, mama yako aliulizwa karatasi siku ya kukuzaa?"

"Mwachilie apite," wengine wakadakia. "Ama unataka azalie hapa barabarani?"

Ojangole aliona aibu, na aibu humfanya mwanamume awe mkaidi. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye fundo la leso.

Hapo ndipo maji yalipoanza. Kwanza yalikuwa matone tu, kisha mchirizi ukashuka mguuni kwa Quinter, ukalowesha kiti kipya cha Mike, ukafanya kidimbwi vumbini karibu na buti za askari.

"Maji yametoka," alisema Felistus. "Haya afande, kunja mikono ya shati. Utamzalisha mwenyewe."

Ojangole aliruka nyuma. Hakuna aliyemwambia la kufanya. Alikimbia mwenyewe kuinua kizuizi, na jasho likimtoka akawapungia wapite. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mike aliendesha kama mtu aliyeiba.

"Vumilia, mama. Tunafika."

"Usigeuke nyuma, wewe kimbiza. Hili jua litaniharibia kila kitu."

Nesi Amuge alikuwa amesimama mlangoni pa kituo, aproni yake imetapakaa damu. Hakusalimia.

"Yule mama, Resty, ameshazaa," alisema, akinyoosha mikono. "Damu inakataa kusimama."

Quinter aliruka chini akavuta fundo. Mike, aliyekuwa amemshika kiwiko ili asianguke, aliona mabonge ya barafu yakimwagika sakafuni, na katikati yake chupa ndogo ndogo za dawa ya kusimamisha damu, ile iliyokuwa imeisha kituoni, zikiwa bado baridi. Amuge alizinyakua akakimbilia ndani.

Walingoja wakiwa wamesimama. Hatimaye Amuge alitoka akivua glavu.

"Imesimama. Anaomba chai."

Quinter alishusha pumzi. Akazikamua leso zake pale mlangoni, tumbo lake bapa kama la msichana, akamgeukia Mike, ambaye kinywa chake kilikuwa bado wazi.

"Kwenye mpaka wa Malaba hawanijui," alimwambia. "Kesho tunapita kule, na nitakuwa na mapacha."