Kikohozi cha Baba

Mama alisogeza kiti mpaka spika ikakaribia kumgusa sikio, akafumba macho. Mwanawe alibaki amesimama nyuma yake, jasho likimtoka.

CD ilikuwa moja tu, marehemu baba akiimba na gitaa lake sebuleni. Mama alipomkabidhi alimwambia, "Nyimbo zake nazijua zote. Mimi nataka kile kikohozi."

Alipoihamishia kwenye kompyuta, sauti ilijaa mikwaruzo. Akaipitisha kwenye programu ya kuondoa kelele, akahifadhi juu ya ile ya kwanza. Mikwaruzo ikaondoka, na kikohozi nacho kikaondoka. Akarudi kwenye CD, akaifuta kwa pindo la shati, akiizungusha kama anayesugua sufuria. Vumbi likaichora duara kwa duara. Haikusomeka tena.

Basi leo asubuhi, mama alipotoka kwenda sokoni, mwana alijifungia chumbani na kipaza sauti, akakohoa na kukohoa mpaka kikafanana na cha baba. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sasa wimbo ukafika pale, kabla ya ubeti wa mwisho. Mama akashika kifua.

"Msikie! Kila siku namwambia nenda hospitali, hataki. Mbishi yule!" Alikuwa anacheka, machozi yakimlengalenga. "Hebu rudisha nyuma, baba. Nimsikie tena."

Akarudisha.

Koo likaanza kumwasha. Akameza mate, akameza tena, kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.