Mikono ya Mgawaji

Umewahi kumgawia mtu karata huku anakukagua viganja kama mwizi? Tausi alikuwa katika hali hiyo tangu adhuhuri, mkekani, kunde zikianza kuungua jikoni. Mumewe, Shamte, alishikilia kwamba kule kasino wagawaji huficha karata, ndiyo maana hashindi mchezo wa ishirini na moja, ambao anayeikaribia zaidi idadi hiyo bila kuipita ndiye mshindi. Akamtaka mkewe amgawie kwa haki, aone mtu asiyeibiwa anavyoshinda. Akishaijua hila yao, angerudi kule jioni, na safari hii angeweka rehani cherehani ya Tausi. Tayari ilikuwa mlangoni, imefungwa kwa kanga.

Bangili alishamvua. Mikono ya gauni alishamkunja mpaka kwenye viwiko.

Shamte akapata kumi na tisa, akatabasamu. Tausi akafunua zake: ishirini. Mara ya saba hiyo.

"Geuza mkono."

Akaugeuza. Hina iliyofifia na harufu ya vitunguu.

"Na mwingine."

"Ninayo miwili tu, baba Rukia."

"Basi hizi karata zina alama. Yule aliyeniuzia sokoni ni mtu wao."

"Na mimi je? Mtu wao?"

Shamte alimtazama, akawa analifikiria kwelikweli. Hapo ndipo Tausi alipochoka. Akaziweka karata chini, zote, kifudifudi.

"Waibe wasiibe, baba Rukia, mimi nataka usiende."